Tangi Refu la Wodi ya Wazazi

Wanafunzi walimbandika jina la Mama Pai, na wala halikumuudhi. Alifundisha hesabu, na hakuna alichokipenda kama mcheduara: mkebe, bomba, pipa, chochote chenye duara juu na duara chini. Mtoto akikosea kujumlisha alimsamehe. Akisahau kuzidisha nusukipenyo kwa nusukipenyo, siku hiyo alijua mwalimu ana mdomo.

Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa mdogo wake wa kiume, mziwanda wa mama yao, ambaye shule ilimshinda akakimbilia ufundi wa bati. Dada alimkalisha jikoni na mkebe wa maziwa, akaubandua karatasi, akaitandaza mezani. Akamwonyesha kwamba karatasi ileile, upande mrefu ukiuzungusha unapata mkebe mnene, upande mfupi ukiuzungusha unapata mkebe mwembamba mrefu. Eneo la karatasi halibadiliki, ila kinachoingia ndani ya ule mwembamba kinapungua vibaya. Alimfundisha ili asije akapunjwa na wajanja. Kijana alishika upesi, akawa fundi wa matangi anayejulikana, na dada akawa anatembea kifua mbele.

Zahanati ilipotaka tangi la maji kwa ajili ya wodi ya wazazi, Mama Pai ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Wenzake walipendekeza fundi mwingine. Yeye akamkingia mdogo wake kifua. Huyu nimemlea, aliwaambia, mkiona kasoro njooni kwangu. Tangi likaletwa, refu hasa, na watu wakalisifu. Macho ya watu hupima kwenda juu, ya kwenda pembeni hayana habari nayo.

Kumbe maji hayakufika hata jioni. Wakunga wakalalamika, ikafika siku mtoto akazaliwa huku ndoo zikikimbizwa kutoka kwa majirani. Lawama zikatafuta pa kuangukia, zikamwangukia mfagizi wa wodi, mama mmoja mpole asiye na wa kumsemea. Mara anaacha bomba wazi, mara anauza maji. Aliyempigia kelele kuliko wote alikuwa Mama Pai, kwa sababu kama si mfagizi basi ni tangi, na tangi haliwezekani. Kamati ikaamua mfagizi aondoke mwisho wa juma.

Yule mama hakugombana na mtu. Alimfuata Mama Pai uani, akamwambia, "Mwalimu, njoo ulipime wewe mwenyewe. Ukishapima, nifukuze."

Mama Pai alikwenda kwa hasira, apate kummaliza. Akalizungushia tangi futi ya kamba, akasoma, akadhani futi imejikunja, akazungusha tena. Mita mbili. Walikuwa wamekubaliana na fundi mzingo wa mita tatu na kimo cha mita mbili. Hili lilikuwa kinyume chake. Hesabu ilijifanya yenyewe kichwani: zile lita elfu moja na mia nne walizoahidiwa hazikufika hata elfu. Theluthi nzima ya maji, iliyomtia mfagizi matatani, haikuwahi kuwepo. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na mfagizi alikuwa amesimama palepale.

Alikwenda moja kwa moja karakana. Mdogo wake alimfutia kiti, akataka kuagiza soda. Dada hakukaa. Alimuuliza ni nani aliyelikunja lile bati kwa ubavu. Mdogo mtu akacheka kidogo, akasema bati ni lilelile, mita sita za mraba, hakuna aliyeibiwa hata kipande. Hapo ndipo moyo ulipomchoma dada, maana ile ilikuwa hesabu yake mwenyewe.

"Bati ni lilelile. Na ujazo?"

Kijana akasema ukweli wake, huku akiangalia chini. Kitako na mfuniko wa tangi nene vingekula bati jingine zima, na bati hilo alikuwa ameshamkatia mteja aliyekuwa akimsumbua. Vya tangi jembamba vilitoka kwenye mabaki.

"Huyo mteja ungemfanyia hivi?" dada aliuliza.

"Hapana. Yule angepima." Akafuta mikono kwenye suruali. "Wewe, dada, nilijua hutapima."

Kama angemtukana ingemuuma kidogo. Imani yote aliyompa tangu utotoni, kumbe mwenzake alikuwa akiiangalia kama mlango usiofungwa. Alitamani kulia, na alikataa kulia mbele yake.

Mdogo mtu akaanza kubembeleza. Atatengeneza jingine, nene, kwa gharama yake, na kamati waambiwe tu kwamba lile la kwanza limeingia kutu. Ndugu hawaanikani, alisema.

"Nimemwanika mama wa watu asiye na kosa kwa ajili yako," dada alimwambia. "Kamati wataujua ukweli leo, na yule mama nitamwomba radhi mbele yao."

"Na mimi je, dada?"

"Wewe, fundi, tengeneza tangi. Nitakuja kulipima."

Tangu kijana azaliwe, dada yake hakuwahi kumwita fundi. Siku zote alimwita "mdogo wangu". Alibaki amesimama na nyundo yake, na dada alikuwa ameshatoka.