Mto wa Kumwacha Emmett

Dirk Vandermolen alinipigia simu wiki ya pili ya Januari, akaniambia twende tukanywe kahawa, yeye na mimi tu. Hilo peke yake lilitosha kunitia wasiwasi. Dirk hana kawaida ya kukaa na mtu mmoja. Anapenda watu wamzunguke wamsikilize. Ana kampuni ya kuezeka mapaa hapa mjini kwetu Grayling, na kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyekuwa mpangaji wa safari yetu ya kila Juni. Yeye hutafuta kambi, yeye hukata tiketi, yeye hutuambia tubebe soksi ngapi.

Tulikuwa wanne. Dirk; Hollis, daktari wa meno ambaye siku zote hukubaliana na aliyezungumza mwisho; mimi Norbert, fundi mstaafu wa mabasi ya shule; na Emmett LaFave, aliyekuwa mwalimu wa useremala, mkubwa wetu kwa umri. Emmett ndiye aliyetufundisha sote kuvua kwa inzi bandia, wale wadudu wa manyoya na uzi wanaofungwa juu ya ndoano ili samaki wa mtoni aitwaye trauti adhani chakula kinapita. Dirk alipomjia mara ya kwanza alikuwa akiyapiga maji kwa mshipi kama mtu anayemchapa punda. Emmett alimsimamisha kwenye uwanja wa shule kiangazi kizima, bila ndoano wala maji, mpaka mkono wake ukatulia.

Sasa Dirk alikuwa amekaa mbele yangu akizungusha kikombe. Alianzia mbali, akasifu theluji, akauliza habari za mke wangu, kisha akafika alikokuwa anaelekea. Ilikuwa ni safari ya mwaka uliopita, Wyoming. Mikono ya Emmett ilikuwa imeanza kutetemeka miaka miwili kabla, na safari ile tuliona miguu nayo imeanza kumgomea. Alianguka mtoni mara mbili. Mara ya pili maji yalimchukua hatua thelathini kabla Dirk hajamdaka kwa kanda za suruali yake ya mpira.

"Siku ile sikuvua," Dirk aliniambia. "Na siku zilizobaki nilikuwa namwangalia yeye badala ya kuangalia maji. Norbert, mimi nafanya kazi mwaka mzima nikisubiri siku sita. Siendi huko kulea mzee."

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Kwenye kikao cha Machi, tunapochagua mahali, angeleta mto mmoja wa Labrador, Kanada. Ndege ndogo inakushusha ziwani, halafu unatembea kilomita saba porini, mzigo mgongoni. Trauti wa huko, alisema, ni wakubwa kama mkono wa mtu. Hakuna mtu ambaye angemwambia Emmett asije. Angeona picha, angepima miguu yake, angejitoa mwenyewe. Hollis ameshakubali.

Ningepaswa kummwagia kahawa. Nilisema, "Ngoja nifikirie."

Niseme ukweli, maana bila ukweli huo habari hii haina maana. Nilisema vile kwa sababu na mimi nilikuwa nimechoka. Kule Wyoming mimi ndiye niliyekuwa nikimfungia Emmett inzi wake kwenye mshipi, asubuhi, mchana, jioni, kila alipompoteza kwenye matawi, na alikuwa akiwapoteza sana. Kuna saa nilisikia samaki wakiruka nyuma yangu nikamchukia, kidogo tu, halafu nikajichukia mimi. Kwa hiyo nilikaa kimya Januari yote na Februari yote. Na katika wiki hizo saba nilikwenda kwa Emmett kila Jumanne kama kawaida, tukakaa jikoni kwake tukitengeneza inzi wa safari. Yeye alikuwa akimaliza mmoja mimi nikimaliza watano. Mkewe, Arlene, alikuwa akituletea mikate ya mdalasini. Emmett alikuwa akiniuliza, unadhani safari hii twende wapi, nami nikimjibu kwamba bado sijui.

Kuna jambo jingine. Sheria yetu ilikuwa moja tu: hatuendi mahali ambapo mmoja wetu hawezi kufika. Aliyeiweka ni Emmett. Mwaka wa sita Hollis alivunjika mguu mwezi Mei, na sisi wengine tulikuwa tumeshapanga kwenda Idaho. Emmett akasema basi, tunatafuta ziwa lenye gati, Hollis akae kwenye kiti. Tulivua visamaki vya urefu wa kidole kwa siku sita.

Kikao kilifanyika Jumamosi ya kwanza ya Machi, mchana, kwenye banda la Dirk. Nilimpitia Emmett na gari langu kwa sababu alikuwa ameacha kuendesha. Njia nzima alikuwa ameshika bahasha mapajani. Ndani yake kulikuwa na ramani ya mto mmoja wa Wisconsin ambao tunaweza kuuvua tukiwa ndani ya mashua, na aliichora kwa rula, maana bila rula mistari ilikuwa inamkimbia. Ilikuwa imemchukua siku nne, alinieleza. Nilitazama barabara.

Dirk alikuwa amepika supu nzito ya maharage na nyama ya kulungu aliyempiga mwenyewe. Tulikula, tukataniana kuhusu kitambi cha Hollis, halafu Dirk akawasha televisheni kubwa ukutani akaanza kuonyesha picha za Labrador. Sijawahi kumwona mtu akiuza kitu vizuri namna ile. Emmett alitazama picha zote. Zilipoisha aliuliza kutoka ziwani hadi kambini ni mbali kiasi gani, na Dirk akasema kilomita saba, kilima kidogo, matope kidogo. Emmett akauliza mizigo inabebwa na nani.

"Kila mtu na wake, mzee. Huko hakuna punda."

Hollis alikuwa anachunguza bakuli lake. Emmett alimtazama Dirk, akamtazama Hollis, akanitazama mimi. Halafu aliikunja ile bahasha katikati bila kuifungua, akaitia mfukoni.

"Basi nyinyi nendeni," alisema. "Mimi mwaka huu nitapumzika."

"Aa, mzee, inasikitisha sana," Dirk akasema, na papo hapo akavuta karatasi ya majina akafuta la Emmett kwa kalamu. Alikuwa na sura ya huzuni iliyoandaliwa tangu nyumbani. Hata kalamu ilikuwa tayari mkononi.

Ile kalamu ndiyo iliyonipasua. Nilisimama kwa nguvu hadi kiti kikaanguka. Nilimwambia Dirk ni mwoga na mnafiki, kwamba mtu aliyekufundisha kushika ufito wa kuvulia humwondoi kwa kumtafutia kilima. Nilimwambia kama hamtaki Emmett aseme hivyo, kwa mdomo wake, mbele ya uso wake, kama mwanamume. Nilimwambia Hollis kwamba mguu wake ulipovunjika hakuna aliyemtafutia njia ya kilomita saba. Niliwamwagia yote: kahawa ile, mpango ule, maneno yale ya kulea mzee. Dirk alikuwa mwekundu kama nyama mbichi. Alisema, sawa, ni kweli, na kama Emmett angezama pale Wyoming ni nani angekwenda kumwambia Arlene, si yeye Dirk? Nami nikampigia kelele kwamba hakumjali Arlene, alijali samaki wake. Nilikuwa nimewaka. Nilijiona mtu wa haki.

Emmett aliuliza kwa sauti ya chini, "Kahawa hiyo mlikunywa lini?"

Niliinama kuinua kile kiti kilichoanguka.

"Norbert. Nakuuliza wewe. Lini?"

"Januari," nikasema.

"Mwanzoni au mwishoni?"

"Mwanzoni."

Alihesabu kwa vidole, vidole vyenyewe vikitetemeka, na nikajua anahesabu Jumanne.

"Dirk namjua," alisema. "Dirk ni mbinafsi tangu siku nilipokutana naye, na nimempenda hivyo hivyo. Lakini wewe umekaa jikoni kwangu mara saba. Umekula mkate wa mke wangu. Umeniangalia nikihangaika na uzi saa nzima, na ulikuwa unajua. Halafu leo unasimama kunitetea. Nani alikuomba unitetee? Mimi nina mdomo."

Alivaa koti lake, akakataa Hollis amsaidie na zipu, akapambana nayo mwenyewe mpaka ikapanda, akatoka.

Kutoka kwa Dirk hadi kwake ni maili mbili, na barabara ilikuwa tope la theluji inayoyeyuka. Niliendesha pembeni yake taratibu, dirisha wazi, nikimwomba aingie. Hakugeuza shingo. Gari zilizokuwa nyuma yangu zilipiga honi. Aliteleza mara moja akashika sanduku la barua la mtu, nami nikasimamisha gari nishuke, akanionyesha kiganja: bakia humo humo. Ilimchukua saa moja na nusu. Alipofika alipanda ngazi zake kwa kushika reli kwa mikono miwili, akafunga mlango. Nilipiga usukani mpaka mkono ukavimba.

Hollis aliniambia baadaye kwamba amejitoa Labrador kwa sababu ya kazi. Nilimjibu kwamba hata kujitoa kwenyewe amekufanya kwa woga. Dirk alikwenda na shemeji yake. Tangu siku ile tukikutana duka la vifaa tunapishana kama watu wasiojuana, na sijutii.

Kwa Emmett nilikwenda Jumanne tatu mfululizo. Mara ya kwanza hakuna aliyefungua. Mara ya pili Arlene alifungua akanitukana kwa utaratibu, bila kupandisha sauti, akasema mumewe hajalala vizuri tangu siku ile, akafunga. Mara ya tatu Emmett alitoka mwenyewe kibarazani. Hakunikaribisha ndani.

"Sitaki uniombe radhi," alisema. "Ukiniomba itabidi nikusamehe, na bado sijataka. Sikiliza. Juni tunavua hapa hapa kwetu, mto Au Sable. Ile mashua yangu ndefu bado ipo. Mimi nakaa mbele kwenye kiti, wewe unasimama nyuma na upondo, unasukuma. Lakini inzi wangu nafunga mwenyewe. Ikinichukua saa nzima, utasubiri saa nzima. Ukinyoosha mkono tu, unanirudisha nyumbani."

Nikakubali.

Wiki ya tatu ya Juni tulishusha mashua asubuhi, jua limeshachomoza vizuri. Hakuniambia neno isipokuwa kushoto, kulia, simama. Chini ya mierezi iliyoinamia maji tulikuta trauti mmoja mkubwa anapanda juu ya maji kula, kila baada ya sekunde kumi, mahali palepale, bila wasiwasi wowote. Emmett alirusha mara tatu. Mikono ikitetemeka ufito nao ulitetemeka, lakini mshipi ulitua sawa. Ule ujuzi ulikuwa bado haujamtoka. Mara ya nne inzi alinasa kwenye tawi, mshipi ukakatika.

Alianza kufunga mwingine. Nilichomeka upondo kwenye mchanga nikaishikilia mashua. Uzi ulikosa tundu la ndoano, ukakosa tena, ukakosa tena. Samaki alikuwa anapanda. Nilimsikia Emmett akitukana chini ya pumzi, kwanza ndoano, halafu vidole, halafu Dirk, halafu mimi kwa jina. Mabega yangu yaliwaka moto kwa kushikilia upondo, na kila kiungo changu kilitaka kuvuka zile hatua tatu kwenda kumnyang'anya. Nilijiuma ulimi mpaka nikaonja damu. Zilipita dakika ishirini na tano. Alipokaza fundo na kukata uzi kwa meno, maji chini ya mierezi yalikuwa yametulia. Tulingoja. Hakupanda tena.

"Kaondoka," nikasema.

"Nina macho."

Alikaa akitazama pale samaki alipokuwa, inzi wake kiganjani, amefungwa vizuri.

"Bado nimekukasirikia," alisema bila kugeuka.

"Najua."

"Na utanisukuma mto huu wiki nzima nikiwa nimekasirika."

"Sawa, Emmett."

"Basi unangoja nini? Twende. Pita kulia kwa lile gogo, polepole, usipige kelele na huo upondo wako."

Niliung'oa upondo mchangani, nikaisukuma mashua kuelekea kulia.