Ghorofa ya Hamsini

Mwenyekiti Kwan anakaa ghorofa ya hamsini. Ukipanda naye lifti atakibonyeza kitufe cha hamsini taratibu, ili sote tukione. Hapa Hong Kong namba nne ni nuksi, kwa hiyo waliojenga jumba letu waliruka ya nne, ya kumi na nne, ya ishirini na nne, ya thelathini na nne, na kuanzia arobaini hadi arobaini na tisa. Hesabu mwenyewe. Hamsini yake ni ya thelathini na sita.

Mimi ni fundi bomba wa jumba hili mwaka wa ishirini na mbili sasa. Juzi aliniita chumba cha pampu, eti bafuni kwake maji yanadondoka tu. Alikuwa amejiwekea bomba la mvua jipya, pana kama sinia, linalotawanya maji yote, lakini hilo hakulitaja. Kidole chake kilikuwa kwenye kibandiko cha pampu.

"Fundi Lok, hii nini? Presha ya ghorofa thelathini na sita? Mimi nakaa stoo?"

"Mwenyekiti, maji hayasomi vitufe vya lifti. Nikiweka ya hamsini, mabomba yatapasuka."

"Weka hamsini, la sivyo acha funguo."

"Upuuzi huo sifanyi."

Akazungusha swichi ya presha mwenyewe, kwa vidole vyake visivyowahi kushika spana.

Kesho yake mchana mipira ya maji chini ya masinki ilipasuka katika nyumba kumi na moja, yake ikiwemo. Maji yakaingia kwenye lifti, zikazima. Bwana mkubwa akashuka kwa ngazi, suruali imemganda mapajani. Natumaini alizihesabu ghorofa.

Jioni wenye nyumba walikutana. Nikawaambia presha irudi thelathini na sita, iandikwe, na sote tutie saini, asije mjinga mwingine akaigusa.

Bi Fung wa ghorofa ya thelathini na tano akasimama. "Kwa hiyo na mimi niandikwe nakaa ya thelathini na moja? Nani atainunua nyumba yangu?"

"Mama, jikoni kwako kuna bwawa!"

"Litakauka."

Kwan akaitisha kura: jumba lina ghorofa ngapi? Hamsini. Mikono yote ikapanda, wa Bi Fung ukiwa wa kwanza, slipa zake zikichuruzika maji.

Nikaweka funguo mezani, nikawaachia presha yao.