Ngamia wa Warfa Hatoi Maziwa

Tii, tii, tii. Mlio ulimfikia Hanad akiwa amelaza kiti cha gari, kilemba kimemfunika uso. Ukanyamaza, ukaanza upya, kama mtu anayekataa jambo kwa mara ya kumi.

Alifunua uso. Kwenye mtambo mpya wa kuchajia magari, pembezoni mwa mji wa Garissa, taa nyekundu ilikuwa ikiwaka na kuzima. Betri ya gari lake ilisoma asilimia saba, vilevile kama nusu saa iliyopita. Kwa asilimia saba hufiki Bura. Na huko Bura, babake Ilhan, msichana aliyetaka kumwoa, alikwisha kusema: njooni mpose kabla ya Alasiri, mkichelewa, kuna wengine wanaopiga hodi.

Warfa, fundi wa kituo, alivaa fulana iliyoandikwa MTAALAMU mgongoni. Mgongoni, kwa sababu usoni neno hilo lisingeaminika.

"Gari lako lina kiburi," alisema.

"Kwenye simu uliniambia mtambo unachaji gari lolote!"

"Lolote la kisasa, bro. Hili la Japani tundu lake ni la kizamani. Lakini si nimekuwekea kiunganishi? Kimeingia sawasawa."

Kiunganishi chenyewe kilikuwa kipande cha plastiki cha kupatanisha plagi ya mtambo na tundu la gari. Kiliingia, ndiyo. Umeme ndio haukuingia.

Adeer Gelle, ami yake Hanad na msemaji wa posa, alikuwa amekaa nyuma tangu asubuhi, fimbo mapajani, akilidharau gari kimyakimya. Sasa akashuka.

"Warfa, umewahi kukama ngamia?"

"Mzee, mimi ni mtaalamu wa umeme."

"Nimeona mgongo. Ngamia akifiwa na ndama anafunga maziwa. Tunachuna ngozi ya yule aliyekufa, tunavika ndama ingine. Mama ananusa, anadhani ni wake, anaachia. Huyu ngamia yako amenusa blastiki. Anauliza, huyu mtoto ni ya nani? Gari inanyamaza. Sasa aachie maziwa kwa nini?"

Warfa alitazama kioo cha mtambo. Maneno yalikuwepo muda wote: GARI HALITAMBULIKI. Mtaalamu hakuwa ameyasoma.

Hanad akaangua kicheko.

"Na wewe unacheka nini?" Adeer Gelle alimgeukia. "Ukinunua mbuzi ya sadaka unapanua mdomo yake, unahesabu meno. Hii gari ulinunua bila kuangalia hata tundu!"

Kicheko kikamkauka. Mwezi mzima alikuwa amemsomea Ilhan mashairi ya gari lile, magari ya dizeli akiyaita punda wenye kikohozi. Na sasa punda mmoja alikuwa anakuja: lori lililoshusha mbuzi sokoni, tupu, likirudi Bura, harufu imelitangulia. Adeer Gelle alikwisha kuinua fimbo kulisimamisha.

Hanad alitazama kanzu yake iliyopigwa pasi, kisha samadi iliyotapakaa ndani ya lori. Simu ikalia.

"Mko wapi?" Ilhan aliuliza. "Baba ametandika mikeka. Niko dirishani, nalisubiri gari lako lisilo na sauti."

Hanad alikunja kanzu, akapanda lori. Warfa alikuwa anasikia, na dereva pia.

"Usilisubiri," alisema kwa sauti. "Sikiliza punda mwenye kikohozi, Ilhan. Kabla ya Alasiri nitashuka mgongoni mwake nikinuka mbuzi, na maisha yangu yote sitasifu tena kitu ambacho sijakikagua mdomo. Wallahi, nakuahidi."