Mkate wa Msafiri

Filamu ya Hulkar ilikuwa ya dakika nne tu, na karibu yote ilikuwa tamu. Kilichoiharibu ni pale penye kuuma mkate.

Mama wa karatasi, mwenye viungo vya uzi na macho ya kubandua na kubandika, alitakiwa asimame mlangoni na sanduku lake, aume mkate kidogo, aurudishe mikononi mwa mama yake, kisha aende zake. Basi, hakuna zaidi. Hulkar alikuwa akimsogeza chini ya kamera ukucha kwa ukucha, picha baada ya picha, tangu mizabibu ya Tashkent ilipochipua, na kila alipoitazama kazi yake iliishia kumtia aibu.

"Mama yako huyu," alisema Mwalimu Ilhom, msimamizi wa wanafunzi wa uzamili, "anauma mkate kama mtu anayemezeshwa dawa ya minyoo."

Darasa likacheka. Hulkar naye akacheka, kicheko cha kujifunika.

"Nimefuata desturi, Mwalimu. Msafiri anauma, mkate unatundikwa, akirudi anaumalizia."

"Desturi naijua, hata mimi nilipokwenda jeshini niliuma. Nakuuliza yeye anataka nini. Naona vidole vyako tu vinamsukuma. Mtu hasukumwi na mchoraji, binti yangu, husukumwa na haja yake."

Hulkar alitaka kujibu: anataka kurudi. Filamu nzima ilisimama juu ya hilo. Mwishoni mama anarudi, mvi mbili tatu kichwani, anaushusha mkate ukutani na kuumaliza. Na ukweli ni kwamba kazi ile haikuwa ya shahada, wala ya majaji. Ilikuwa ya mtazamaji mmoja. Mama yake, Mastura, aliondoka Hulkar akiwa na miaka saba, mara tu baada ya talaka. Alikwenda Urusi, kisha Istanbul kutunza wazee wa watu, na tangu hapo hakukanyaga tena nyumbani. Kila mwaka alisema anakuja. Safari hii alisema atakuja Juni, filamu itakapoonyeshwa, na Hulkar, mtu mzima mwenye akili zake timamu, aliamini tena. Mtu hakui mbele ya mama yake, na hilo si la kuonea haya.

Sasa, kazi ile ina ukatili wake. Mama usiyemkumbuka unaweza kumtungia shairi zuri na watu wakakupigia makofi. Lakini jaribu kumwinua bega. Ni la kulia au la kushoto? Anavuta pumzi kabla ya kugeuka au baada? Karatasi inakuuliza, nawe unabaki umekodoa macho. Hulkar alisimama mbele ya kioo cha studio, kama wafanyavyo wote wa kazi hiyo, akaigiza mwenyewe ili apate cha kuchora. Kioo kilimwonyesha msichana anayejifanya mama.

Akaona bora aufuate mkate wenyewe, ule uliotundikwa siku mama yake alipoondoka.

Ulikuwa kwa Bibi Hosiyat, mama yake Mastura, katika mitaa ya zamani. Ulining'inia chumba cha wageni ndani ya mfuko wa kitambaa, umekauka kama kigae.

"Ushushwe?" Bibi alishtuka, birika mkononi. "Kwani mwenyewe karudi?"

"Nataka kuupiga picha tu, bibi. Nitaurudisha."

"Watu wamekwisha kupigwa picha, sasa zamu ya mikate?"

"Filamu inanishinda, bibi."

"Ikikushinda si uolewe? Binti wa Zumrad hapo jirani hata penseli hajui kushika, na ana mapacha."

"Na mume ambaye kitambi chake kinaingia mlangoni, yeye anafuata baadaye."

Bibi alicheka hadi chai ikamwagika, na kicheko kile kikamlainisha. Lakini alipoutia mkate mikononi mwa mjukuu wake, uso wake haukuwa na utani hata chembe.

"Uso juu," alisema. "Usije ukaugeuza."

Hilo Hulkar hakuhitaji kuambiwa. Kwao mkate ukianguka huokotwa na kubusiwa, na kuulaza kifudifudi ni kuitukana riziki. Mtoto hufunzwa hivyo kabla hajajua kufunga viatu.

Tatizo ni kwamba kamera yake ilikaa juu ya meza, ikitazama chini. Kwa upande wa juu, pale palipoumwa palikuwa pamemomonyoka kwa miaka, pamebaki pengo lisilo na sura. Kama alama za meno zilisalia, zilisalia kwa chini. Hulkar aliizunguka meza. Akaenda kunawa mikono, akarudi. Akachungulia mlangoni asije mtu. Kisha akasema bismillahi, bismillahi ya mtu anayejua kabisa kwamba anakosa, akaugeuza.

Picha ilijaa kwenye kompyuta. Alama zilikuwa wazi, na zilikuwa za meno madogo, madogo mno. Tena katikati, mahali ambapo meno ya mbele yangekata, ukoko ulitokeza mzima bila kuguswa. Mdomo ule aliufahamu. Juu ya televisheni ya bibi kulikuwa na picha ya Hulkar mwenyewe, ya siku ya kwanza shuleni, riboni nyeupe kichwani na mapengo mawili yamechanua. Alikaa akijipapasa meno kwa ulimi.

Kabla jua halijazama alikuwa kwa bibi, mkate ameukumbatia.

"Aliyeuma ni mimi," alisema, hata salamu hakutoa.

Bibi alimtazama yeye, akautazama mkate. "Umeugeuza."

"Nimeugeuza."

"Astaghfirullahi! Nilijua tu chuo kitakuharibu." Kisha akaketi polepole, akishikilia ukuta. "Mama yako alikataa. Nilimfikishia mkate mdomoni, pale mlangoni, akageuza uso. Wewe ulipoamka ukakuta hayupo, ulilia mpaka ukatapika. Ningefanya nini mimi? Nikakupa mkate, nikakwambia uma wewe badala ya mama. Ukauma, ukanyamaza. Kesho yake ukautangazia mtaa mzima kwamba mama kauma, atarudi. Nikasema acha. Uongo wa kumtuliza mtoto si uongo."

"Na mtoto akikua nao?"

Bibi alikuwa mwepesi wa majibu tangu azaliwe. Safari hii aliupokea mkate, akaugeuza uso juu, akaurudisha ndani ya mfuko wake.

Asubuhi, kutoka studio, Hulkar alimpigia mama yake. Uso wa Mastura ukatokea kwenye simu, kitambaa kichwani, nyuma yake jiko la wenyewe.

"Mwanangu! Umekula?"

"Mama, kwa nini hukuuma mkate?"

Bomba lilikuwa likitiririka. Mastura akalifunga. "Nani kakwambia?"

"Mkate wenyewe."

Mastura akajifuta mikono. "Sikujua kama nitarudi. Ukiuma umeahidi. Binadamu unaweza kumdanganya, ukaomba radhi yakaisha. Mkate haudanganywi."

"Mkate haudanganywi," Hulkar alirudia, sauti ikianza kumkatika. "Ila mimi nadanganywa kila mwaka. Mimi sifikii hata ngano, mama?"

Mastura aliziba mdomo kwa kiganja. Hulkar alingoja simu ikatike, maana mtandao wa Istanbul ulikuwa na tabia ya kukatika maswali yakiwa magumu. Safari hii haukukatika.

"Juni sitakuja," alisema mama yake. "Vibali vyangu vilikwisha zamani. Nikitoka huku sirudi tena, na huko sijui nitakuwa nani. Naogopa, Hulkar. Nikikwambia nakuja, siku hiyo nalala usingizi. Ndiyo maana nasema. Nisamehe."

Iliuma, na hakuna haja ya kuipamba. Hulkar alilia palepale, kamasi na yote, kama alivyolia akiwa na mapengo. Lakini tangu apate akili hakuwahi kusikia neno la wazi kama lile likitoka kwa mama yake, neno lisilofungwa kama zawadi. Na hamu yake ya mama siku hiyo ilizidi hamu ya miaka yote aliyoahidiwa.

Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Basi nisaidie kazi," alisema. "Ulikataaje? Ulisimama vipi?"

"Mambo ya zamani hayo. Sikumbuki."

"Unakumbuka, mama."

Alikumbuka. Kiatu kimoja kilikuwa hakijafungwa. Sanduku lilikuwa mkono wa kushoto. Mkate ulipofikishwa usoni aliunusa kwanza, kwa sababu ulikuwa wa moto, kisha akageuza uso. Hakuugeuzia barabarani. Aliugeuzia dirisha la chumba alimolala mtoto.

Hulkar aliegemeza simu kwenye taa ya meza. Akatwaa mkate mpya alioununua langoni kwa ajili ya kifungua kinywa, akasimama mahali ambapo mama yake angemwona mzima mzima. Akaunusa. Akageuza uso. Akamkabidhi mkate bibi asiyekuwepo, akainua sanduku lisilokuwepo, akavuka kizingiti.

"Hapana," Mastura alisema kutoka Istanbul, akilia sasa bila kujificha. "Hapana, mwanangu. Rudia. Sikuondoka upesi hivyo."