Honi Ndani ya Ibada

Kwa kuendesha kompyuta, mume wangu Watson alipenda mfumo wa Windows kwa sababu ya picha zake. Mimi nilitaka Linux, na sikuficha. Sisi watu wa redio ya ridhaa hapa Nchelenge, kando ya ziwa, tulikuwa na kompyuta moja tu, kuukuu, ikila umeme wa betri ya lori. Kazi yake ilikuwa kupokea kwa redio ujumbe ulioandikwa kutoka kisiwa cha Chisenga, ambako hakukuwa na simu.

Shida ilikuwa Jumapili. Kanisani kwetu, siku hiyo hata dagaa hawaanikwi, sembuse mtu kukaa mbele ya mashine. Windows tuliijaribu kwanza. Tuliporudi kutoka ibadani ilikuwa imekwama, inangoja mtu abonyeze kitufe, na ujumbe wa asubuhi nzima umepotea. Watson akasema ni bahati mbaya. Nilicheka mpaka akanuna.

Nikaweka Linux, kwenye CD niliyoletewa kutoka Lusaka. Walioitengeneza hawakufunga mlango: unaingia ndani, unaona kila kitu, unaongeza yako. Nikaongeza yangu. Ujumbe wenye neno HARAKA ungeliza honi ya lori niliyoifunga dirishani, upande wa kanisa lililo jirani. Mdogo wangu Rosaria alikuwa Chisenga, mjamzito wa siku zake za mwisho, na hospitali iko huku kwetu.

Watson alilalamika kwamba skrini nyeusi yenye maandishi matupu inatia aibu. Tukapatana: ikishindwa Jumapili ya kwanza, anaifuta.

Mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri honi ilipolia. Kanisa zima likanigeukia. Nikatoka nimeinua kichwa, nikakimbia nyumbani. Taonga, muuguzi wa kisiwani, alikuwa ameandika: HARAKA. ROSARIA ANATOKA DAMU. BOTI.

Eddy mwenye boti ya injini alikuwa ameshanifuata, na suti yake ya ibada. Jioni Rosaria alikuwa hospitalini, dhaifu, mtoto wa kiume kifuani. Nililia kwa furaha, na nilijivuna, tena sana.

Jumapili iliyofuata shemasi Mwewa alipita nyumbani mapema, akaomba kwa upole tuzime kile kitu mpaka ibada iishe. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumjibu vikali. Watson akanitangulia, akasimama mlangoni.

"Hapana, ba shemasi," alisema kwa heshima. "Mutu asiguse ile mashini. Iko ya bibi yangu."

Kisha akaenda kufungua dirisha lote, honi isikike vizuri.