Ufukwe Usiokuwemo Kitabuni

Saa tatu asubuhi mwandishi alikuwa ndani ya ziwa hadi kiunoni, sketi ameikunja na kuifunga kwa kamba, akihesabu hatua kwa sauti. Hamsini na mbili, hamsini na tatu. Wanawake wawili waliokuwa wakifua nguo kandoni waliangaliana, mmoja akageuka pembeni asionekane anacheka. Basi acheke, hakuwa wa kwanza. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mwandishi. Kabla hajausifu ufukwe wowote alivua viatu, akaingia majini na kuhesabu hatua mpaka maji yamfike kiunoni, ili mzazi ajue mtoto wake anaweza kwenda umbali gani. Kisha alikagua vyoo, akatafuta kivuli, akakaa kimya nusu saa kusikiliza kelele.

Kitabu chenyewe kilikuwa chembamba, kurasa arobaini tu, kikieleza fukwe za ziwa zinazofaa kutembelewa upande wa kaskazini. Kilitoka kila mwaka, naye alikuwa amekiandika miaka sita mfululizo. Wasomaji walikiamini kupita kiasi. Ufukwe ukitajwa mwezi wa tano, ikifika mwezi wa saba hupati pa kutandika taulo. Ofisini walimwita Mama Fukwe, jina alilolinung'unikia mbele za watu na kulifurahia moyoni.

Lakini ufukwe alioupenda kuliko zote hakuwahi kuuandika. Ulikuwa nyuma ya nyumba ya shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake, aliyemfundisha kuogelea akiwa na miaka saba. Maji yake yalikuwa tulivu, mchanga laini, na mtu angeweza kukaa hapo tangu asubuhi asisikie sauti isiyo ya ndege. Kila mwaka alipofika mahali pake kwenye orodha aliuruka makusudi, na roho yake ikatulia. Alijiona anamlinda shangazi dhidi ya umati, na hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

Siku hiyo kazi ilipoisha mapema, akaona apitie kwa shangazi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umelowa hivyo, umeanguka au umesukumwa?"

"Natoka kazini."

"Kuna watu wana kazi, jamani. Nenda chumba cha pili ubadilishe, usije ukaugua nikapata kesi na baba yako."

Vyumba vya wageni vilikuwa vinne. Shangazi alivijenga miaka saba iliyopita, alipostaafu uuguzi. Mwandishi alizoea kuvikuta vitupu, na siku zote alidhani shangazi anapenda nafasi. Cha pili kilikuwa na namba mlangoni. Shuka zilikuwa zimepigwa pasi, na sabuni ilikuwa bado ndani ya karatasi yake, iliyokwisha kupauka. Alifungua droo kutafuta taulo, akakuta vitabu vyake, vyote sita, vimepangwa kwa miaka. Akakifungua cha kwanza. Kwenye orodha, kila jina la ufukwe lilikuwa na alama ndogo ya kalamu ya risasi, na chini ya jina la mwisho palikuwa na neno moja kwa mwandiko wa shangazi: Bado. Cha pili, Bado. Cha sita, Bado.

Alikaa kitandani na nguo zake mbichi, akasahau kilichomleta humo.

Mezani hakuweza kula.

"Shangazi, mbona hukuniambia?"

Shangazi alitazama vitabu mkononi mwa mwandishi, akaelewa. "Nikwambie nini? Wewe ndiye mjuzi. Nilidhani umeukagua ukaona haufai. Nikasema labda ni yale mawe ya kushoto, nikatafuta watu wakayaondoa. Mwaka uliofuata nikasema labda ni choo, nikajenga choo." Alimwongezea mchuzi kwenye sahani ambayo haikuguswa. "Mwaka jana nikadhani ni mimi."

Aibu ilimshika mwandishi mpaka masikio yakamwaka. Choo hicho alikuwa amekitumia, tena akakisifu.

"Nilitaka ubaki wako," alisema. "Wetu."

"Wangu wa kufanyia nini, mwanangu? Nimeuguza watu miaka thelathini na sita. Nimezoea nyumba yenye watu, huyu anataka maji, yule anauliza saa. Kimya hiki wewe unakuja kukionja, halafu unaondoka. Mimi ndiye ninayebaki nacho."

Hakusema kwa hasira, na hilo lilimuuma mwandishi zaidi. Aliacha chakula, akachukua daftari, akashuka ziwani. Aliingia majini akahesabu kama anavyohesabu kwingine kote, hatua arobaini na moja. Alikaa nusu saa yake kivulini. Alipoanza kuandika, maneno yalikuja yenyewe, kwa kuwa alikuwa ameyaweka moyoni miaka mingi.

Shangazi alivaa miwani, akasoma pole pole, akarudia tena mwanzo.

"Umeandika vizuri. Hata mimi natamani kufika huko." Akamrudishia daftari. "Ila mtu atafikaje?"

Mwandishi alisoma ukurasa wake juu hadi chini. Kina kilikuwepo, kivuli kilikuwepo, na vyumba vinne pia. Njia haikuwepo. Katika miaka yote sita hakuwahi kusahau njia, kwani ndiyo aliyoanza nayo kila mara. Aliona uso unapata joto upya. Akashika kalamu.

"Ukipita kituo cha mafuta, kata kulia," aliandika huku akisoma kwa sauti.

"Baada ya shule. Ukisema kulia tu, watapotelea kiwandani."

"Baada ya shule. Nenda hadi lami iishe." Kila neno lilikuwa zito mkononi, naye akaliandika. "Sasa nyumba wataijuaje? Za huku zote zinafanana."

Shangazi alitazama nje, upande wa barabara.

"Andika watamkuta mama mmoja amesimama."

"Utasimama kila siku, Shangazi?"

"Nimekaa miaka sita," shangazi alisema. "Kusimama hakutanishinda."