Kiganja cha Karafuu

Mimi si mtu wa sayansi. Kazi yangu ni kutunza wazee katika nyumba moja hapa ughaibuni, Woolwich, na nimeosha vidonda vya miguu vya wagonjwa wa sukari mpaka navijua kwa harufu kabla sijafungua bendeji. Kwa hivyo binti yangu Nusra aliponiambia anataka kutengeneza unga wa kutia kwenye vidonda visivyopona, sikumcheka. Nilimcheka aliposema atautengeneza kwa mwarobaini. Miaka yote hiyo chuoni, sasa shahada ya uzamivu ya kemia, kumbe anarudi kwa bibi yake Pemba.

Alinieleza jikoni, nikaelewa kuliko alivyotarajia. Unachemsha majani, unachuja, maji yake unayachanganya na chumvi ya zinki, kisha unapasha moto. Majani yanafanya kazi ambayo wengine huifanya kwa kemikali kali. Kinachobaki ni unga mweupe, chembe zake ndogo hata hadubini ya kawaida haizioni. Ukiutia kwenye kisahani chenye bakteria, wanakufa pembeni yake na kuacha duara safi.

Mara ya kwanza tanuri la maabara la kukaushia majani lilikuwa limeharibika, akaniletea majani nyumbani. Niliyakausha kivulini nyuma ya sofa siku sita, nikayasaga, nikamjazia chupa yake. Unga uliotoka ulikuwa mzuri mno. Mwalimu wake, Dokta Daksha, mama wa Kihindi wa Harrow asiyemsifu mtu ovyo, alisema hajaona mzuri kama huo, na Nusra akaandika sura nzima ya tasnifu juu yake.

Halafu haukutoka tena. Tanuri lilishatengenezwa, majani ya duka lile lile la sokoni, vipimo vile vile. Alijaribu mara nne, na mara zote nne akapata mabonge kama ugali wa mtu mvivu. Daksha akampa wiki mbili: kama matokeo hayarudiki, sura itoke. Mwanangu akaacha kula, na Nusra akikataa wali wa nazi ujue mambo yameharibika.

Jumamosi asubuhi alikuja jikoni na daftari.

"Mama, hebu nieleze ulivyofanya yale majani. Kila kitu, step by step."

"Nimekausha, nimesaga, nimetia chupani."

"Hukuongeza kitu?"

"Niongeze nini? Kwani nilikuwa napika mchuzi?"

Alitabasamu kidogo, akaenda zake. Mimi nikanyoosha mkono kuchukua majani ya chai, mkono ukagusa kopo la karafuu, nikasahau chai.

Maana niliongeza. Kwetu majani makavu hayasagwi wala hayawekwi bila karafuu, mdudu ataingia. Mama yangu alifanya hivyo, na mkono wangu hauniombi ruhusa. Na harufu je? Nyumba yetu nzima inanukia karafuu, kuanzia mapazia mpaka koti la Nusra. Angeijuaje?

Nitasema kweli, siku mbili nilinyamaza. Niliona aibu, na niliogopa. Nilidhani nikisema, ule unga mzuri utaitwa mchafu, na kitu pekee alichokuwa nacho mwanangu kitatupwa jaani kwa sababu yangu. Lakini Jumatatu nilimwona anatoka bila hata kufunga kamba za viatu. Nikajiambia, Mwatima, mficha uchi hazai.

"Nusra. Nilitia karafuu."

Alisimama, mkono kwenye kitasa cha mlango. "Karafuu?"

"Kiganja kimoja, kwa ajili ya wadudu. Nisamehe, mwanangu."

Nilingoja anikaripie. Badala yake alikaa chini pale pale kwenye zulia, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nami nikacheka, ingawa sikujua tunacheka nini. Kisha akasema, "Vaa koti, Mama. Twende."

Kule maabara, Daksha alinivika koti jeupe. Kiswahili alikirithi kwa wazazi wake wa Kisumu. "Mimi nilisikia hiyo harufu, mama," aliniambia. "Nikafikiri ni Nusra tu." Kisha akamgeukia Nusra, na hapo hakuwa na mzaha. Sura ile imesema majani matupu, na si kweli, kwa hivyo itaandikwa upya. Kama karafuu ndiyo iliyofanya kazi, ithibitishwe, na kwa kipimo.

"Kiganja ni gramu ngapi?" akaniuliza.

"Kiganja ni kiganja."

Wakaniletea mzani na mfuko wa karafuu. Nikatia kiganja, wakaandika, wakamwaga, wakaniambia nitie tena. Mara kumi. Kufikia ya saba nilishaanza kununa, mtu mzima mimi kuchezeshwa kama mtoto. Daksha akageuza karatasi nione. Ishirini na moja. Ishirini na moja nukta mbili. Ishirini na moja kasoro kidogo. Kumi zote zilikuwa hivyo. Nimekulia kwenye karafuu, nimezichambua tangu sijaota meno ya ukubwani, wala sikujua kama mkono bado unakumbuka.

Walipika bila karafuu, wakapata mabonge. Walipika na karafuu, ukatoka unga mweupe, mwepesi. Wakarudia mara tatu, na wiki mbili zilikuwa bado hazijakwisha.

Mwezi uliofuata Nusra alinisomea sura mpya mezani, akinifasiria sentensi kwa sentensi huku anakula. Mengi hayakuniingia. Kisha akafika kwenye orodha ya vitu vilivyotumika: majani ya mwarobaini, chumvi ya zinki, na karafuu, gramu ishirini na moja, sawa na kiganja cha Mwatima Ameir wa Pemba.

Nikamwambia asome tena hapo, sikusikia vizuri. Nilikuwa nimesikia vizuri.